Hita Iliyokataa Kuwaka: Misimu Miwili ya Baridi Njombe

Mwezi Juni ukungu wa Njombe hushuka kabla ya jua kuzama, na asubuhi hauondoki mpaka saa tatu au saa nne. Mgeni anayeteremka kwenye basi lililotoka Dar es Salaam, akiwa bado amevaa shati la mikono mifupi, haulizi kwanza bei ya chumba wala kama chakula kipo. Anauliza kama kuna maji ya moto. Nilipostaafu ualimu na kuiweka sehemu ya kiinua mgongo changu katika nyumba ya kulala wageni yenye vyumba sita, swali hilo nililitegemea, na ndiyo maana nilinunua hita tatu za gesi zisizo na tangi, zile zinazopasha maji papo hapo yanapopita ndani yake, kila moja ikihudumia vyumba viwili. Kuzinunua na kuzifunga kulichukua juma moja, lakini kuzielewa kulichukua misimu miwili ya baridi.

Zilifungwa mwezi Machi, na mpaka mwishoni mwa Mei sikupata lalamiko hata moja. Juni ilipoingia na wageni wakaongezeka, hita ya vyumba namba 5 na 6, iliyoko mwisho kabisa wa jengo, ikaanza kugoma. Ugomaji wake ulikuwa na saa zake. Alfajiri iliwaka bila shida, lakini kuanzia saa moja jioni mgeni alifungua koki, maji yakatoka, na hita ikabaki kimya kama sanduku tupu. Nilimwita fundi aliyeifunga, naye akaja kesho yake saa nne asubuhi, akafungua koki, moto ukawaka mara ya kwanza. Akabadilisha betri, akachukua fedha yake, akaondoka. Jioni hita ikanyamaza tena. Katika mwezi huo mmoja nilibadilisha betri mara tatu, nikanunua regulata mpya, nikarudisha dukani mtungi uliokuwa umejaa nikidhani gesi yake ni mbaya, na hatimaye fundi wa tatu akaniambia kwamba kisanduku cha umeme cha hita kimekufa na ni lazima ninunue hita nyingine.

Kabla ya kuinunua nilishauriwa nimtafute mzee mmoja wa Makambako ambaye kwa miaka mingi alikuwa fundi bomba. Alifika jioni, kwa sababu nilimweleza kwamba tatizo ni la jioni, na jambo hilo peke yake linanifanya mpaka leo nimheshimu kuliko wote waliomtangulia. Hakufungua mfuniko wa hita wala hakutoa bisibisi mfukoni.

"Fungua koki ya moto, Mwalimu, halafu tusikilize," aliniambia.

Nilifungua, na hatukusikia chochote ila maji.

"Basi gesi tusiihukumu bado," alisema. "Haijaitwa."

Kisha akanieleza kitu ambacho hakuna fundi mwingine aliyewahi kunieleza, nami nakieleza hapa kwa kirefu kwa sababu kila nilichokitengeneza baadaye kimetokana nacho. Hita ya namna hii haina moto unaokesha ukiwaka. Huwasha upya kila mara koki inapofunguliwa, na huwasha kwa hatua zinazofuatana bila kurukana. Kwanza maji yanayopita husukuma kiwambo chembamba cha mpira, kiwambo kikasukuma pini, na pini ikabonyeza swichi ndogo. Swichi ikibonyezwa, umeme wa betri mbili kubwa, kila moja ya volti 1.5, huingia kwenye kisanduku, na hapo ndipo cheche huanza kupiga ta-ta-ta-ta kwenye ncha iliyo karibu na kichomeo. Wakati huohuo vali ya gesi, ambayo huvutwa na sumaku ya umeme, hufunguka kwa mlio mfupi. Gesi hukutana na cheche, moto ukashika kwa sauti ya vuu. Na mwisho, ncha nyingine iliyosimama ndani ya mwali huhisi kwamba moto upo kweli, maana mwali hupitisha umeme kidogo sana, nayo hukiarifu kisanduku kiache vali ikiwa wazi. Taarifa hiyo isipofika katika sekunde chache, vali hufungwa. Kwa hiyo mahali ambapo sauti hukatika ndipo ugonjwa ulipo, au nyuma yake kidogo. Kimya kamili maana yake ni maji, swichi au betri. Cheche bila moto humaanisha gesi, au cheche inayoruka pasipo pake. Moto unaoshika na kuzimika humaanisha ile ncha ya kuhisi, au hewa, au kitu kinachoilinda hita isikudhuru.

Betri alizipima kwa mita yake, zikasoma volti 3.1 zikiwa pamoja. Zilibaki maji na swichi. Mzee akachukua futikamba, akapanda ngazi ya mnara wa tanki.

Kitako cha tanki langu kilikuwa mita 3 juu ya ardhi, na shawa za bafuni zilikuwa juu kwa mita 2.1. Tanki likijaa, maji ndani yake hufika kimo cha mita 1.5. Mzee alinifanyia hesabu kwa mkaa kwenye nguzo ya mnara, na mwalimu wa hesabu niliyefundisha kwa miaka 31 nikasimama kama mwanafunzi: tanki likiwa limejaa, maji yalikuwa juu ya shawa kwa mita 2.4; jioni, baada ya wageni kuoga, nguo kufuliwa na jiko kutumia, yalibaki kimo cha sentimita 30 tu ndani ya tanki, yaani mita 1.2 juu ya shawa. Kitabu cha hita, ambacho nilikuwa nimekifungia kabatini bila kukisoma, kilieleza kwamba hita inahitaji maji yaliyo juu kwa angalau mita 2.5 na mwendo wa lita 2.5 kwa dakika. Kwa hiyo hata siku njema hita zangu zilikuwa zinawaka kwa kubahatisha, na ile ya mwisho wa jengo, ambayo maji yake yalipita kwenye bomba refu la nusu inchi lenye kona nyingi, ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukosa nguvu ya kusukuma kiwambo. Tanki langu hujazwa usiku wa manane. Ndiyo maana alfajiri moto uliwaka na ndiyo maana mafundi waliokuja asubuhi waliikuta hita ni nzima. Mwezi Machi wageni walikuwa wachache na tanki halikuwahi kushuka.

Tuliinua mnara mpaka mita 6, kazi iliyonigharimu pungufu ya bei ya hita mpya, na kimya cha jioni kikaisha. Wapo wanaofunga pampu ndogo ya kuongeza presha badala ya kuinua tanki, nayo hufanya kazi vizuri, lakini umeme ukikatika hita hurudi kwenye kimya chake, na mimi nilinunua hita za gesi ili kumkinga mgeni na kukatika kwa umeme.

Tangu siku hiyo nimekutana na kimya mara nyingi, na karibu kila mara chanzo kimekuwa maji kupita kidogo kuliko yanavyoonekana. Kichujio kilicho kwenye mdomo wa kuingizia maji, kidude chenye ukubwa wa kidole gumba, huziba kwa mchanga mvua za masika zinapoanza. Nakitoa, nakisuuza, nakirudisha, kazi ya dakika kumi. Matundu ya shawa huziba pia. Na kuna jambo moja ambalo lilinisumbua kwa muda mrefu kabla sijaligundua: mgeni anayefungua koki ya moto na ya baridi zote mbili mpaka mwisho. Maji ya baridi, yasiyopita kwenye hita na kwa hiyo yasiyo na kikwazo, huyasukuma ya moto nyuma, mwendo ndani ya hita ukashuka, swichi ikaachia na moto ukazimika huku mtu ana sabuni kichwani. Sasa nimebandika karatasi bafuni inayomwomba mgeni afungue ya moto peke yake kwanza, apunguze joto kwa kitufe cha hita, na ya baridi aiongeze kidogo kidogo. Kiwambo chenyewe nimekibadilisha mara moja tu; kilikuwa kimekakamaa na kupata ufa mdogo usioonekana mpaka nilipokinyoosha mbele ya taa.

Kuhusu betri niseme machache. Zile za bei ya chini, zinazotosha kwenye redio, huonyesha volti za kutosha zikiwa zimepumzika lakini huporomoka mara cheche na vali vinapozivuta pamoja, na baridi huzidhoofisha zaidi. Zipimeni wakati hita inajaribu kuwaka. Nikiona chini ya volti 2.5 nabadilisha zote mbili kwa pamoja na kununua zile za alkali.

Msimu wa pili wa baridi ulileta ugonjwa mwingine kabisa. Sasa cheche zilipiga vizuri, lakini moto haukushika, au ulishika ukiwa mdogo wa kusinzia. Ilitokea usiku wenye wageni wengi, na kila nilipokwenda nyuma ya jengo nilikuta mtungi wa kilo 15 umevaa umande mzito, na mara moja nilikuta umeganda barafu nyembamba kuanzia katikati kwenda chini. Kijana anayenisaidia alitaka kuuwekea jiko la mkaa pembeni ili upate joto. Nilimkemea kwa sauti ambayo nilikuwa sijaitumia tangu nilipotoka darasani, na nawasihi wote wenye mitungi wasithubutu kufanya hivyo, wala kuimwagia maji yanayochemka.

Sababu yake nilielezwa na mzee, kisha nikaikokotoa mwenyewe. Gesi iliyo mtungini ni kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani, na ili kigeuke kuwa gesi kinahitaji joto, ambalo hulichukua kwenye chuma cha mtungi na kwenye hewa inayouzunguka. Jiko la kupikia huvuta kidogo, mtungi ukamudu. Hita yangu inayopasha lita 10 kwa dakika kwa kuongeza nyuzi 25 huchoma karibu kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, na mimi nilikuwa nimeunganisha hita tatu kwenye mtungi mmoja mdogo, katika hewa iliyo chini ya nyuzi 10, kupitia regulata iliyoandikwa ubavuni kwamba uwezo wake ni kilo moja kwa saa. Mtungi ulijipoza wenyewe mpaka ukashindwa kutoa gesi. Zaidi ya hapo, propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ilhali butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo propani ndiyo hutangulia kutoka kwa wingi na butani hubakia chini. Ndiyo maana wakati wa baridi mtungi wenye robo yake unaweza kuwa bado mzito mkononi na hita isiwake, kisha saa sita mchana, jua likiwa limeupiga, ikawaka.

Niliweka mitungi miwili ya kilo 38 iliyounganishwa itoe gesi kwa pamoja, regulata ya milibari 30 yenye uwezo wa kilo 6 kwa saa, na bomba la shaba lenye kipenyo kikubwa zaidi mahali pa mpira mrefu. Mitungi imesimama nje, kwenye upande unaopata jua la asubuhi, mahali pasipo na shimo wala mfereji, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutiririka chini na kutulia kama maji. Kila muungio naupaka povu la sabuni baada ya kubadilisha mtungi, na povu likivimba nafunga na kukaza upya. Jambo dogo ambalo huwatia watu hofu bure: baada ya kubadilisha mtungi, bomba huwa na hewa, na hita itapiga cheche mara tatu au nne bila kushika mpaka hewa itoke. Kati ya jaribio na jaribio subirini dakika chache.

Kusubiri huko nasisitiza kwa sababu ya kile kilichotokea mwezi Julai. Hita ya vyumba namba 3 na 4 ilikuwa ikipiga cheche kwa muda mrefu, kisha moto ukashika kwa kishindo kilichotikisa mfuniko. Kaure iliyoshika ncha ya cheche ilikuwa imepasuka, na cheche ilikuwa ikiruka ubavuni kwenda kwenye bati badala ya kuruka juu ya kichomeo. Gesi ilijikusanya ndipo ikawaka yote kwa mkupuo. Siku zile kishindo kilianza kidogo, nasi tukakizoea. Sikuzote kishindo kidogo ni taarifa, na hita inayoshika kwa kishindo haifai kuendelea kutumika hata kwa mgeni mmoja. Tulibadilisha ncha, tukaiweka umbali uleule uliotajwa kitabuni, na moto ukarudi kushika kwa sauti yake laini. Tulipofungua tulikuta pia utando wa buibui kwenye midomo ya kichomeo inayoingiza hewa. Buibui hupenda mahali hapo, na utando wao hufanya mwali uwe wa njano na wenye masizi, masizi yakaifunika ncha ya kuhisi, na hita ikawa inawaka na kuzimika baada ya sekunde tano. Brashi laini kwa kichomeo na msasa mwembamba kwa ncha vilitosha.

Sasa nifike kwenye lile ambalo ni zito kwangu kuliko yote. Hita ya vyumba namba 1 na 2 ilifungwa ndani ya bafu. Fundi alisema bomba litakuwa fupi, nami nikakubali kwa kutojua. Katika ile baridi ya kwanza iliwaka vizuri lakini ikawa inazimika yenyewe baada ya dakika chache, hasa usiku. Fundi mwingine akaja, akafungua, akaunganisha waya mbili, na tangu hapo haikuzimika tena. Nilimshukuru.

Wiki tatu baadaye mfanyabiashara wa viazi aliyekuwa amefunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa taulo ili asipigwe na baridi alitoka bafuni akiwa ameshika ukuta, akakaa sakafuni kwenye korido, akasema kichwa kinampasuka na miguu haina nguvu. Tulimtoa nje kwenye hewa, tukafungua kila dirisha, tukampeleka hospitali, na kwa rehema za Mungu alipona. Ilikuwa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoijua ya gesi huongezwa kiwandani kwenye gesi yenyewe, na ikishaungua haipo tena ya kumwonya mtu. Mzee alipoifungua hita hiyo alinionyesha zile waya mbili. Zilikuwa za kihisio cha joto kilichokaa kwenye mdomo wa kutolea moshi, chenye kazi moja tu, kukata gesi moshi unaposhindwa kutoka na kurudi chumbani. Hita haikuwa mbovu. Kwa majuma yote yale ilikuwa inajizima ili isimuue mtu, na mimi nililipa fedha inyamazishwe.

Hita zote tatu sasa ziko ukutani nje, chini ya upenu, zikiwa zimekingwa na upepo kwa bati linaloacha nafasi kubwa ya hewa pande zote. Mgeni yule bado hupita kwangu msimu wa viazi, naye hulala chumba kilekile namba 1.

Kijana anayenisaidia nimemfundisha kusikiliza kabla ya kugusa chochote. Juni iliyopita, usiku wenye baridi kali, mgeni wa chumba namba 6 aligonga kusema maji ni ya baridi. Nilikuwa nimeanza kutafuta betri kwenye droo wakati kijana aliporudi mbio kutoka nyuma ya jengo.

"Mama, betri ziache," alisema. "Inapiga cheche. Ni mtungi."

Alikuwa ameshabadilisha mitungi na kuipaka sabuni miungio yote miwili. Tulisimama pamoja gizani chini ya upenu tukingoja dakika zetu, kisha akamwomba mgeni afungue koki tena.